Cherehani ya Marehemu Mama

Dada yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na miguu yangu imepungua kuvimba.

Uliuliza kuhusu ule mfuko wa serikali wa kuinua biashara zilizoangushwa na ugonjwa. Nimechoka, dada. Walitaka picha ya fundi akiwa na cherehani yake. Mafundi wenzangu watano waliuza za kwao wakati ule wa njaa, basi nikawapa ya marehemu mama, ile niliyokataa kuiuza hata uliponigombeza. Kila mmoja akaketi, akapigwa picha. Mimi nikawa wa mwisho, maana mwenye mali hana haraka.

Wote wamepata. Mimi nimekataliwa.

Tenda wema nenda zako, wanasema. Nimekwenda zangu mara tatu hadi ofisini kwao. Karani akanionyesha zile picha. "Mama, hii cherehani ni ya kuazima. Tumeshaiona mara tano."

"Ni yangu."

"Hata wao walisema hivyo. Lete picha ukiwa na ya kwako."

Kesho naenda kwa jirani kuazima ile mpya aliyonunua kwa pesa za mfuko.

Na usiniambie ningeiuza.

Mdogo wako, fundi asiye na cherehani