Vidonge Vipya Katika Chupa ya Zamani

Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Nimerudi nyumbani Gasenyi nikiimba barabarani kama kichaa! Dawa ya kifafa ya mama imepatikana. Si ile anayotuma dada Raïssa kutoka Ubelgiji akipata msafiri – chupa hiyo iliisha jana. Hii ni jenerike. Anouar wa famasi amenieleza: kampuni ya kwanza ilikuwa na haki ya kuitengeneza peke yake, muda wa haki hiyo umekwisha, sasa na wengine wanaitengeneza. "Dawa ni moja, dada. Jina na sura tu ndiyo imegeuka." Na bei ni ya watu kama sisi.

Jumapili, 6 Oktoba
Tatizo ni mama. Tangu tulipokuwa Uvira, kule Kongo, anaogopa sumu. Hata juisi ya jirani yetu Léoncie, mwenyewe lazima apige funda la kwanza – ndiyo desturi, sawa, lakini mama humtazama mpaka koo. Nikimwambia dawa imebadilika atakataa. Basi nimemimina vidonge vipya katika chupa ya zamani. Vyote vyeupe. Vya zamani vilikuwa virefu kidogo, hivi ni vya mviringo, na macho ya mama yamechoka. Akili ninayo!
Cha kwanza amekiweka mdomoni. Amekigeuzageuza kwa ulimi. Ameniangalia, kisha akanywa maji.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mama amekuwa mpole mno. Hali chakula mpaka mimi nianze – sahani moja, ugali mmoja, na bado anasubiri. Uzee, nadhani.

Jumapili, 13 Oktoba
Tumetoka kanisani, ninachambua mboga za lengalenga. Mama ametazama mlangoni, akatabasamu.
"Consolée, mupe baba yako kiti. Anasimama tangu kitambo."
Baba tulimzika miaka tisa iliyopita.
Hapakuwa na mtu. Lakini kiti nimeleta! Sijui kwa nini. Nimekiweka pale, nikakaa mbali nacho. Mama akaendelea kuongea nacho kwa sauti ndogo, akacheka.
Zamani, kabla ya dawa, alikuwa akimwona hivyo hivyo. Akimwona tu, siku mbili hazipiti, anaanguka. Mara ya mwisho aliangukia mbabula, jiko letu la makaa – mkono wa kushoto haunyooki mpaka leo. Dawa ilipoanza, baba hakuja tena. Miaka sita.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimemfokea Anouar mbele ya wateja, eti ameniuzia chokaa. Hakukasirika. Ameuliza tu kama nina hakika mama anameza. Wengine wanaitumia, amesema, wako salama. Ila ikikatwa ghafla, ugonjwa unarudi na nguvu.
Nimeondoka bila kuaga. Aibu.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimeviona. Ndani ya foronya ya mama, kwenye fundo la kitambaa – vidonge tisa, vimelowa mate vikakauka. Hajameza hata kimoja!
Nimepiga magoti nikamweleza yote. Amesikiliza vizuri. Ameuliza neno moja:
"Kama ni dawa, juu ya nini ulificha?"
Mama yangu mzazi ananidhania mimi! Imeniuma hata kulia nimeshindwa.
Kisha amefungua chupa, amechagua mwenyewe kidonge kutoka chini kabisa, amenipa. "We kwanza."
Nimemeza. Nimefungua mdomo, nimeinua ulimi aone. Nikampa chake.
"Apana. Mi nitangoja. Nione."

Saa tisa mchana. Bado tumekaa, yeye kwenye mkeka na kidonge chake kiganjani, mimi ukutani na daftari. Kichwa kizito. Hii dawa inalevya mtu asiyeizoea – nimemwambia, mama, ni usingizi tu, usingizi tu! Ulimi wangu mwenyewe unanikwama. Naandika ili nisilale. Kope zinashuka na mama anaziona. Machozi yanamtoka, anaita Léoncie aje, aje aone mutoto alikuwa anataka kumufanya nini. Kidonge chake amekirudisha ndani ya chupa. Anafunga kifuniko, anakaza