Filamu Isiyo na Adui

Baba,

Jana nilishika maikrofoni yako. Mama alinishauri nisikuandikie kabla sijatulia, lakini nikingoja kutulia sitaandika kamwe.

Chumba cha video bado kipo hapa Nyakabiga, na viti ni vilevile, hata kile kilichovunjika mgongo. Tangu ulipotutoka, vijana walikuwa wakija, wanatazama kidogo, kisha wanatoka mmoja mmoja. Filamu bila wewe ni kelele tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukizigeuza kwa Kiswahili papo hapo kwenye maikrofoni, ukimpa kila mhusika sauti yake, na zote ulizianza hivyohivyo: "Huyu ni wetu, na ule kule ni adui. Mumuangalie muzuri!" Watu walicheka kabla hadithi haijaanza.

Unaikumbuka ile filamu ya Kijapani ya kuchora? Mteja alituletea kwenye flashi, ukasema katuni ni za watoto. Lakini ulikuwa umeshaanza kuugua, unashinda nyumbani, basi nikaiwasha kwenye kompyuta yangu tukaitazama wawili. Ukawa unasoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha na kunigeuzia, kwa mazoea tu, ingawa nayasoma mwenyewe.

Bibi kizee anaishi mlimani na mjukuu wake, wanatengeneza miavuli ya karatasi. Zamani kijiji chao kilichomwa na askari. Siku moja ya mvua, mtu kipofu anagonga mlango, anaomba pa kujikinga, na bibi anaitambua sauti yake. Ni yule aliyetoa amri ya kuchoma.

"Sasa! Adui ameingia mwenyewe!" ulisema, ukajiinua kwenye mto. Ulikuwa unangoja bibi achukue kisu. Bibi akachukua bakuli.

Kisha hakuna anayesema kitu. Mvuke unapanda kutoka kwenye wali, unapinda kila upepo unapopita. Maji yanadondoka ukingoni mwa paa, na kila tone mtu alikaa akalichora. Vidole vya bibi vinatetemeka anapoweka bakuli mikononi mwa kipofu. Mjukuu anatazama mlango, haelewi, na sisi tunamwona tu shingo yake kwa nyuma. Wewe ambaye hukuwahi kuiacha filamu inyamaze, ulinyamaza nayo.

"Nani alichora ile mikono?" uliniuliza baadaye. "Huyo mutu alimuangalia mama yake sana."

Na kilichokusumbua zaidi: "Kwa hiyo adui ni nani?" Nikasema labda hayupo. Ukatikisa kichwa. Apana, ulisema, kijiji kilichomwa, hilo halifutiki. Na kweli filamu haikulifuta. Kipofu anakiri alichofanya, mjukuu anamfokea huku analia, na asubuhi bibi anampa mwavuli na kumwambia aende zake. Hasemi amemsamehe. Anamlisha, lakini hamdanganyi. Hilo ulilipenda, ulilirudia mpaka Mama akauliza tunazungumza habari za nani.

Ndipo ukageukia dirisha, ukasema: "Nitamupigia Hamisi."

Nilishtuka. Jina la mdogo wako halikuwa likitajwa nyumbani kwetu. Mama ndiye aliyenieleza kwamba bibi Zuhura, mama yenu, alipofariki mlimzika siku hiyohiyo, kama tunavyozikana sisi Waislamu, na baba mdogo Hamisi, aliyekuwa amehamia Rumonge, hakuonekana. Hamkuzungumza tena. Sasa ukasema utampigia ukipata nguvu kidogo.

Nguvu hazikuja, Baba.

Basi baada ya arobaini yako nilimpigia mimi. "Baba mudogo, ni Mariamu, mutoto ya Rajabu." Nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa analia.

Alikuja. Mnafanana mpaka nikaogopa kumtazama, ile namna ya kukuna sikio kabla ya kuongea. Akaketi na Mama, akatueleza jambo ambalo wewe hukulijua.

"Nilifika," alisema. "Nilikuta mama mumeshamufunika udongo. Nikasimama nyuma ya watu. Nikasikia kaka anawaambia, mi sina ndugu. Nikarudi."

Alikuwa pale, Baba. Miaka yote hiyo ulidhani hakuja, na yeye alidhani ulimwona. Hata ulipofariki wewe, aliposikia msiba, aliogopa kwamba hatutamtaka. Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa, nikamkasirikia yeye kidogo, nikashindwa pia. Mama akafuta macho na kumsogezea sahani. "Kula kwanza, shemeji."

Jana basi nikaamua kuonyesha filamu ile, baba mdogo naye akiwepo. Niliposhika maikrofoni, kijana mmoja akauliza, "Mwanamuke ndiye atageuza?" Mwingine akasema, "Tena katuni!" Sikuwaambia huyu ni wetu na yule ni adui. Nilianza tu na bibi na miavuli yake.

Kipofu alipotambuliwa, sauti ikatoka nyuma: "Amukate!" Watu wakashangilia. Nikaweka maikrofoni magotini. Mvuke ukapanda. Mmoja akaanza kupiga mluzi, jirani yake akamwambia, "Wacha, tusikie." Tusikie nini, Baba? Ilikuwa mvua tu. Lakini hakuna aliyetoka.

Ilipokwisha walibishana mpaka nje barabarani. Mmoja alisema yule bibi ni mjinga. Mwenzake akasema, apana, we hujui mambo, na akaanza kueleza habari za baba yake, watu wakasimama kumsikiliza. Baba mdogo alibaki kwenye kiti, kichwa kimeinama. Nilikaa karibu naye.

Sasa nikuambie la mwisho. Baba mdogo ana binti, amempa jina la mama yenu, Zuhura. Asubuhi hii mtoto huyo kanipigia simu kuniuliza sauti ya baba mkubwa ilikuwaje, maana baba yake akijaribu kuiiga anaishia kulia.

Pumzika, Baba, Mungu akuangazie huko uliko. Idi hii mimi na Mama tunakwenda Rumonge. Nitamkalisha Zuhura mbele yangu, nitawasha filamu yoyote anayoitaka, na nitamgeuzia kama ulivyokuwa ukitugeuzia, kwa ile sauti yako nene. Nakuahidi atakujua.

Binti yako,
Mariamu