Mti Uliotukasirisha

Neema mjukuu wangu,

Amani ya Bwana ikukute huko Iowa. Sisi huku kambini Nakivale, Uganda, tuko. Shangazi yako bado anauza vitenge Mbarara, na magoti yangu bado yananigombeza.

Unasema mji wenu mdogo unasherehekea wazee walioujenga, na mnapita chini ya miti waliyoipanda. Unaniuliza, kijiji chetu kilianzishwa na nani?

Miaka ya kwanza tulipanda maharagwe na mahindi tu, vitu vya kuvuna upesi, maana tulijua vita ikiisha tunarudi kwetu Kivu. Siku moja nyanya yako, marehemu, akapanda kokwa ya avoka, yaani parachichi, mbele ya nyumba. Majirani wakaja na hasira.

"Mama, unatufungia njia ya kurudi kwetu!"

Hata mimi nilinuna. Yeye akasema, "Tukirudi, batakula benye kubakia hapa fasi hii." Akaendelea kumwagilia.

Matunda yalipoiva, majirani wale wale walikuja kuomba kokwa wakapande kwao. Leo mgeni akiuliza njia, watoto hawasemi "kambini." Wanasema, "Ni pale kwa maavoka."

Na wewe, nyuma ya nyumba yenu mmepanda nini?

Babu yako,
Elia