Sungura Aliyekaa Mbali na Watoto Wake

Mujukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana ikufikie huko Bunia, wewe na mama yako. Sisi hapa Kisangani Mungu anatushika. Tonton, mjomba wako, amepona goti, jumapili alisimama tena na kwaya.

Unaniuliza kwa nini wakati wa vita nilimutuma mama yako, angali mutoto mudogo, huko Yanonge kwa shangazi yake, mimi nikabaki na sungura. Bon. Nyumba isiyo na mutu ilikuwa inachukuliwa. Na sungura hawawiki kama kuku, kwa hiyo wenye bunduki hawakujua kama tuna nyama.

Parsele, kiwanja chetu chote, ilinyamaza sana, Neema. Siku moja sungura jike akazaa. Alijinyofoa manyoya, akawafunika watoto, halafu akaenda kona ya mbali ya kibanda, anatafuna matembele. Nilikasirika.

"Wewe ni mama gani? Watoto wako peke yao, wewe unakula!"

Jirani yetu, papa mumoja muzee, akacheka nyuma ya ua.

"Muache, mama. Akilala nao, nyoka itafuata harufu yake. Ni vile anawachunga. Utamuona asubuhi."

Kulipopambazuka nikamuona. Aliwanyonyesha haraka, akawafunika, akarudi kwenye kona yake. Rozari ilikuwa mukononi, lakini sikuweza kusali. Nilimulilia mama yako.

Vita ilipoisha alirudi amenenepa, anajificha nyuma ya shangazi, ananiangalia kama mugeni. Swali lako yeye hajaniuliza hata siku moja. Ukimaliza kusoma, umupe naye asome.

Koko yako