Picha za Watu Ulizoziacha Huko Juu

Papa Amuri,

Studio nimeifungua tena, ila kiti chako sijakikalia. Nafanya kazi nimesimama. Wateja wanadhani ni bidii. Ni upweke tu, kwa sababu nikikaa nageuka kukuuliza kitu, halafu hakuna mtu.

Vita havijaisha. Watu bado wanaingia Kalemie kutoka upande wa Niemba, godoro kichwani, sufuria mkononi. Wengi wao uliwapiga picha zamani, tulipokuwa tukizunguka vijijini na mimi nimekubebea taa. Nyumba zimeungua na picha zimeungua humo. Wanakuja kwangu kwa sababu wanajua Papa Amuri alihifadhi zote. Na kweli ulihifadhi. Ordinateri yetu, kompyuta ya studio, ilipoibiwa tulipokimbia mara ya kwanza, ulianza kupandisha kila picha kutoka kadi za kamera hadi kwenye intaneti. Ulikuwa unacheka: "Kule juu hakuna askari atafika, mutoto wangu."

Hata mimi sifiki, Papa.

Nikuambie kosa langu. Familia ilipogawa vitu vyako, baada ya siku arobaini, simu alipewa mdogo wako. Sikutaka asome mambo yako. Kabla hajaichukua nikafuta kila kitu, nikatoa kadi ya simu, nikaikata vipande kwa mkasi wetu wa picha za pasipoti. Unawajua watu: mtu akifa, namba yake inaanza kuomba msaada kwa marafiki zake. Niliona nalinda jina lako, hata nikajisifu. Kumbe namba hiyo ndiyo ilikuwa mlango. Kila nikijaribu kufungua akaunti yako, kode ya kuingilia inatumwa kwenye namba niliyoikata mwenyewe.

Nilienda kwa watu wa simu. Wakasema lazima wewe, mwenye namba, uje na kadi yako ya mpiga kura. Nikaiandikia kampuni inayotunza picha, mara tatu. Wakajibu kwa adabu kwamba mwenye akaunti peke yake ndiye anaweza kuomba nakala. Nilikasirika mpaka nikalia. Mwenye akaunti ni wewe, sawa. Lakini zile sura je? Sura ya mtu inafungiwaje kwa neno la siri la mtu mwingine? Na wewe, Papa, ungeniandikia hilo neno hata nyuma ya kalenda. Nakupenda, lakini hapo ulinikosea. Na sisi wawili tuliwakosea wao. Hatukuwahi kumpa mtu picha zake zote aondoke nazo. Tulimpa karatasi moja tu, basi.

Aliyenimaliza ni Mama Feza. Unamkumbuka, yule muuza mihogo wa Niemba. Ulimpiga picha binti yake Feza siku ya komunyo ya kwanza. Feza alifia njiani walipokuwa wanakimbia. Mama yake amekuwa akija kila Jumatatu. "Njo ile moja tu naomba, Riziki. Sina ingine." Bado anasema "njo" mahali pa "ndiyo", kama wewe. Nami kila Jumatatu nasingizia rezo, kwamba mtandao haupatikani.

Juzi nilichoka kudanganya. Nikamwambia yote, mkasi na kila kitu, nikangoja anitukane. Akakaa kwenye benchi, akasema, "Basi uniambie vile alikuwa. Njo wewe ulitengeneza ile foto."

Kweli, wewe uliipiga, mimi nikaitengeneza rangi na mwanga, siku mbili nzima. Nikamweleza gauni jeupe lililomzidi mabega, kovu dogo juu ya nyusi, pengo alilolificha kwa kubana midomo. Akawa anaitika polepole, "Njo vile. Njo vile." Nilipofika kwenye macho nikakwama. Sikukumbuka yalikuwa yanatazama wapi. Nikamwomba msamaha.

"Hata miye," akasema. "Naanza kusahau."

Mteja mwingine akaingia, Mama Feza akainuka kumpisha benchi. Sijui kama nilimfanyia wema au nilimwongezea jeraha.

Nitaendelea kuwaandikia wale wa kampuni, Papa, hata wakinichoka. Na kuanzia sasa kila nitakayempiga picha ataondoka na zake zote, kwenye kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia picha, na nikimfungulia akaunti itakuwa kwa namba yake, neno la siri alichague yeye. Pumzika sasa. Siku nitakayoipata ile ya Feza, sitaiangalia. Nitampa mama yake aanze yeye.

Mwanafunzi wako,
Riziki