Matunda ya Wanja

Muthara, Jumanne

Na Mutwiri, mwanangu, anacheka tu! Leo ameniletea chupa mpya ya pombe yetu ya muratina. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa inasema nilianzisha kiwanda kwa matunda makavu ya kuchachushia niliyorithi kutoka kwa baba.

Uongo. Niliyaazima kwa Wanja, mjane wa kule Karurumo, nitengeneze pombe ya mahari. Alipokuja kuyadai, nilimwambia yameoza.

Nimemweleza Mutwiri yote. Akanijibu, "Mzee, karatasi zimeshachapishwa. Meza dawa ulale."

Dawa! Mapafu haya hayafiki Krismasi, naye ananibembeleza kama mtoto.

Nimeilowesha karatasi ile, nikaibandua. Kesho lazima ifike Karurumo. Nyuma yake nimemwandikia Wanja: Hayakuoza.