Wallahi, Sitii Chumvi

Jumatatu, mwezi 5 Ramadhani

Nazi nshakuna, muhogo nshamenya. Chumvi nusu ya jana. Daktari kasema presha ya mume wangu Seif iko juu, nipunguze chumvi, na vidonge vya supu niviache, vimejaa chumvi. Seif anakula, hasemi kitu. Mimi ndiye chakula hakinipiti kooni.

Jumatano, mwezi 7

Kila Ramadhani sahani yangu ya futari huenda kwa jirani, Bi Zuhura. Ya jana imerudi na muhogo nusu. Leo kaniuliza barazani, mbele ya watu, kama naumwa, maana mapishi yangu siku hizi chapwa, hayana ladha.

Chapwa! Mimi, ninayeitwa kupika harusini mpaka Mtoni. Nilicheka nao. Nikaingia ndani nikalia.

Alhamisi, mwezi 8

Chumvi sikutia hata chembe. Nimetia vidonge viwili vya supu. Seif nilimwahidi kupunguza chumvi, vidonge sikuvitaja. Najua nnajidanganya. Ningeweza kumpikia Bi Zuhura mbali, kwenye kichungu kidogo tu. Uvivu. Na kiburi, nilitaka kila anayeonja asifu.

Sahani imerudi nyeupe, na kaimati juu yake. Nimefurahi mpaka nimejichukia.

Jumatatu, mwezi 12

Vidonge vitatu. Na kipande cha papa mkavu, mwenye chumvi yake, ndani ya tui. Seif kala, kaongeza mara mbili. Miguu imemvimba, anasema ni viatu. Nimekubali ni viatu.

Jumanne, mwezi 13

Seif kaanguka alasiri akitia udhu. Hospitali. Muuguzi kaniuliza kama chakulani natia chumvi.

"Wallahi, sitii chumvi."

Na saumu yangu mdomoni. Kila neno kweli, na yote uongo. Kaandika. Wakasema basi dawa ndiyo haitoshi, wakamwongezea. Nilisimama pale natazama.

Ijumaa, mwezi 16

Yuko nyumbani. Dawa mpya inamtia kizunguzungu, anakwenda chooni kashika ukuta. Bi Zuhura kaja kumtazama, kausifu mkono wangu mbele yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alipoondoka nikatoka, nikarudi hospitali peke yangu. Nikamweleza muuguzi yote: vidonge, papa, kiapo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Kamwita daktari, dawa zikapunguzwa. Kisha muuguzi kaniambia nikamwambie na Seif mwenyewe.

Jumamosi, mwezi 17

Sikumwambia. Nimefua mapazia yote ya nyumba, kwa woga tu.

Jumapili, mwezi 18

Nimemwambia. Tulikuwa tushafuturu, muhogo mtupu na ndimu. Seif anamenya chungwa. Nilianza na vidonge, nikamaliza na papa.

"Nlijua tokea siku ya kwanza," kasema. "Ulimi wangu haujafa. Nikasema, mke wangu kanionea huruma."

Huruma. Neno zuri, ningeweza kulichukua nikanyamaza. Nikamwambia haikuwa huruma. Nilimwogopa Bi Zuhura asiniite chapwa.

Kamaliza kumenya, kalipasua chungwa, kanipa nusu. Nimeila nimeinama, sikuweza kumtazama.